Rauta Chumbani kwa Mama Mkwe

Kama una mke, watoto na kifurushi kimoja cha intaneti kwa nyumba nzima, wewe ni mwenzangu na sihitaji kukueleza mengi. Unajiunga bando la mwezi tarehe mosi ukiwa na matumaini yako. Kabla mwezi haujafika nusu, simu inakuletea ujumbe kwamba umetumia asilimia 100. Ukiuliza nani kalimaliza, kila mtu anakumbuka ana kazi ya kufanya. Mama Mipango, yaani mke wangu, alifungua mapishi tu. Profesa, binti yetu mkubwa, alikuwa anasoma. Injinia, anayemfuata, hata simu hana, iko kwenye chaji. Hapo ndipo kitinda mimba wetu anapotoa taarifa bila kuombwa: Injinia kapakua mchezo wa mpira, Profesa kaangalia mitindo ya kusuka, na Mama kamaliza tamthilia ya Kituruki akiwa ndani ya neti. Mtoto ana miaka minane. Tunamwita Mamlaka.

Tunakaa Buswelu. Huku ndiko yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyomegwa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya nusu milioni ndani yake. Watu wanazidi kujenga, nyumba zinapanda vilima hadi zinakutana na mawe. Mawe ya Mwanza wageni huyapiga picha. Sisi tunaoishi katikati yake tunajua jambo jingine: jiwe likisimama kati ya nyumba na mnara wa simu, mawimbi hayalipenyi. La kwetu limesimama hivyo hasa, refu kuliko paa. Kwa miaka mingi mtu wa nyumba hii aliyetaka kupokea picha au kusoma ujumbe wenye uzito wowote alipanda juu ya lile jiwe. Jioni ungetukuta sote huko juu, kila mmoja kainamia simu yake, na mama mkwe chini uani akimuuliza binti yake kama tumehamia dhehebu jipya.

Ndipo tukaleta rauta, kile kidude cheupe kinachomeza laini na kugawa intaneti kwa nyumba nzima. Injinia alizunguka nayo chumba kwa chumba kama mtu anayetafuta maji ya kisima. Sebuleni taa ilikuwa nyekundu. Jikoni nyekundu. Chumbani kwetu ikawaka njano kidogo, ikazima. Alipoiweka kwenye dirisha la chumba cha wageni, taa zote zikawa kijani na watoto wakapiga vigelegele.

Sasa, chumba cha wageni nyumbani kwetu kina mgeni mmoja tu.

Mama mkwe wangu ni wa Sengerema. Zamani alikuja kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, akikaa siku chache na kuaga mapema kwa kuhofia foleni ya magari. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ziwa, anakuja haraka zaidi na anakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu anasema kurudi siku hizi si shida. Nampenda yule mama. Amenilelea watoto wawili kati ya watatu walipokuwa wachanga, na hakuna michembe duniani inayofika ile anayoileta kwenye kiroba. Lakini mimi ni mkwe. Salamu ikishatoka, maneno yetu yanapita kwa Mama Mipango: "Mwambie mkwe wangu chumvi imeisha," nami nimekaa pale pale ninasikia. Na chumbani kwake sikanyagi. Malezi niliyolelewa hayaniruhusu hata kusimama mlangoni. Kwa hiyo kitu ninachokilipia kila mwezi kikawa kimekaa mahali pekee katika nyumba yangu ambapo mimi sifiki.

Mama Mipango alipoiona rauta iko dirishani kwa mama yake haina hata nguo, aliona haya. Akaifunika kitambaa cha kufuma, ndugu wa vile vinavyofunika televisheni, redio na mgongo wa kila kiti, na juu akasimamisha maua ya plastiki. Nikamweleza kwamba mashine ile inapata joto na inataka hewa. Akanijibu kwamba hata watu wanapata joto na bado wanavaa. Kitambaa kikabaki. Nimeoa muda wa kutosha kujua mjadala umekwisha.

Shida kubwa ikawa swichi. Usiku, akishasali, mama mkwe alikuwa akizima rauta. Zile taa za kijani zinamkonyeza gizani, anasema hawezi kulala mbele ya kitu kinachokonyeza. Tena kinakula umeme, na umeme wa LUKU yeye anaujua kuliko sisi. Hapa naomba nichepuke kidogo. Mama mkwe hasomi herufi, hakupelekwa shule, lakini tarakimu hazimpigi chenga. Miaka yake ya kuuza dagaa na mihogo mnadani ilimfundisha namba. Ukinunua umeme na zile tarakimu 20 zikaja kwenye simu, ni yeye anayezisoma kwa sauti huku Injinia akibonyeza mita, na hajawahi kukosea. Uniti zikishuka anajua nani kapiga pasi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba rauta inakula umeme kidogo tu. Wajukuu, kwa utani wao wa halali, wakambatiza Bibi Swichi. Mimi jina hilo silitamki, nakuandikia wewe tu.

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilipotea mchana. Watoto walimvamia bibi yao akitoka kanisani, hajavua hata viatu, wakimuuliza kwa nini amezima. Akaapa hajagusa. Injinia akaenda kukagua: rauta inawaka, kitambaa na maua viko mahali pake. Hata pale juu ya jiwe hapakuwa na kitu. Aliyetuletea jibu ni shemeji yangu, kaka wa Mama Mipango, mwalimu, ambaye sote tunamwita Kishikwambi. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na ilipokwisha vikagawiwa walimu. Tangu apate chake, shemeji hajatengana nacho. Amekibeba harusini na msibani, na mara moja nilimwona akiogelea Igombe huku amempa mtu amshikie, macho yote nchi kavu. Jioni ya Jumapili ile akatufafanulia kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Akatuchorea: data inatembea kwenye nyuzi za kioo sakafuni mwa Bahari ya Hindi, inapanda nchi kavu Dar es Salaam, inaingia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, inavuka nchi hadi Mwanza, kisha mnara, kisha dirisha la mama. Waya ukikatika kule baharini, kitambaa cha huku hakina kosa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa nini watu wenye ziwa kubwa namna hii wategemee waya wa bahari ya mbali. Nimelifikiria sana swali hilo na naona ni zuri. Wajukuu hawajamwomba radhi hadi leo, na kila kikao cha ukoo analikumbusha.

Huyu mama na mitambo wana historia. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, muda ulipoongezwa hadi Januari 20, 2020, simu yake ya kitochi nusura ifungwe. Kitambulisho cha NIDA alikuwa nacho. Vidole ndivyo vilivyokataliwa na mashine. Jembe na kumenya mihogo vimeifuta ile mistari. Kijana wa usajili akawa anabonyeza kidole hiki, kile, anafuta kioo, anaanza tena. Mama Mipango alimkalisha na beseni la maji ya uvuguvugu na mafuta ya mgando kama bibi harusi, siku baada ya siku, mpaka dole gumba la kushoto likasomeka. Ile laini anailinda. Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" ukimfikia, anampa Mamlaka amsomee, na Mamlaka anaipeleka namba ya tapeli 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inavyoelekeza. Mtoto anajua kazi yake.

Basi ukaja usiku wa mkopo.

Profesa alikuwa amemaliza kidato cha sita, matokeo mazuri, na dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lilikuwa linakaribia kufungwa. Mzazi mwenzangu aliyepita huko anajua. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kwa mtandao. Fomu ijazwe mtandaoni, ichapwe, isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa na wakili, kisha irudishwe mtandaoni ikiwa imeskaniwa. Buswelu nzima ilikuwa imejaa kwenye steshenari, watoto wamesimama na bahasha za kaki, na wengi wao hawana kompyuta wala simu ya kufanyia kazi ile, wanamlipa kijana wa steshenari awajazie maisha yao. Siku ya mwisho umeme ukakatika steshenari. Uliporudi usiku Profesa alikuwa tayari nyumbani, kurasa zimeskaniwa kwa simu, zimebaki kupandishwa. Bando lipo. Rauta imezimwa.

Mama Mipango alikuwa amelala msibani Igoma. Mamlaka, ambaye hulala na bibi yake, ndiye pekee aliyekuwa upande wa pili wa mlango ule, na mtoto yule akilala hata radi haimwamshi. Profesa alikuwa juu ya jiwe anajaribu, ukurasa unazunguka hauishi. Kubisha hodi usiku chumbani kwa mama mkwe sikuwa na ubavu huo. Injinia akashauri tuzunguke nje, yeye amwite mdogo wake taratibu dirishani. Tukazunguka. Akaita. Akaita tena kwa sauti zaidi, akagonga nondo. Ndani tukasikia kitanda kikilia, kisha sauti ya mama mkwe, sauti iliyozoea kuita mtu aliye ng'ambo ya mbuga: "Mwizi!"

Usukuma ndiko kwenye asili ya sungusungu, walinzi wa jadi, na tangu miaka ya 1980 hawajasahau kazi. Kabla sijasema neno, njia ilikuwa imejaa tochi na fimbo, na majirani zangu wakanikuta, baba wa familia, nimesimama usiku chini ya dirisha la mama mkwe wangu. Injinia akaeleza. Nikaeleza. Mzee mmoja aliniangalia kwa huruma nisiyoweza kuielezea. Aliyetuokoa ni jirani mwingine mle mle kwenye msafara, ambaye mwanawe naye alikuwa amekwama na fomu ile ile. Akapaza sauti: "Mama, ni mambo ya mkopo wa mtoto! Washa hicho kitu!"

Kimya kikapita. Halafu ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, mama mkwe akauliza: "Kwa hiyo hiki ndicho kinachompeleka mtoto chuo?"

Taa ya kijani ikawaka. Profesa akapandisha kurasa zake sebuleni, na mtoto wa jirani akaletwa akapandisha zake pale pale, majirani wa tochi wakiwa wamekaa kwenye makochi wanasubiri kama matokeo ya mpira. Wote wawili waliwahi. Mama mkwe alitoka amejifunga khanga, akakaa, akatazama yote. Asubuhi akamwambia binti yake aliyetoka msibani: kama kitu hiki kimebeba karatasi za mtoto hadi Dar es Salaam, kinashindwaje kubeba sauti yake hadi Muscat?

Muscat yuko binti yake mdogo, Mama Mdogo kwa watoto wetu, anafanya kazi za ndani. Simu ya kawaida kutoka Oman ni ghali, na kupiga kwa WhatsApp kule kumezuiwa miaka mingi. Ujumbe wa sauti, hata hivyo, unapita. Sisi tulikuwa tunapokea sauti za Mama Mdogo kwenye simu zetu na kumfikishia mama yake salamu kwa ufupi: hajambo, amepokea mshahara, anakusalimu. Mama alikuwa anapewa mtoto wake kwa muhtasari.

Mama Mipango akatoa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Injinia akafuta kila kitu mbele, akaacha picha moja, ya Mama Mdogo. Unaigusa, unashikilia alama ya kipaza sauti, unaongea, unaachia. Ujumbe wa kwanza wa mama mkwe ulikuwa kikohozi na jogoo. Wa pili ulikuwa "Inasikia?" Siku ya tatu tulisikia kupitia ukutani Kisukuma kirefu kikimiminika bila kituo: mvua, ng'ombe aliyezaa, msiba wa nani, kwa nini unapunguza kula. Na jibu likaja, dakika nzima na zaidi, kwa lugha ile ile. Hakuhitaji herufi hata moja. Nimekaa kwenye semina nyingi nikasikia kwamba asiyejua kusoma hawezi kunufaika na mtandao mpaka asomeshwe kwanza. Wasomeshwe, ndiyo, nakubali kwa moyo wote. Lakini mama huyu aliingia kwa mdomo wake, kwa lugha aliyozaliwa nayo, na kilichokuwa kinamzuia ni sisi kutomkabidhi simu.

Takwimu za TCRA za mwaka 2024 zilivuka laini milioni 40 za intaneti. Zinahesabu laini, na ni sahihi kwa kazi yake. Kwenye nyumba yetu Kishikwambi peke yake, akija, anaingia na laini tatu. Mama mkwe alikuwa amelala chumba kimoja na rauta, futi chache kutoka kwenye zile taa, na hakuwa mtumiaji. Ninaposikia kijiji fulani kimefikiwa na mnara nafurahi kweli, kisha najiuliza ni nani mle ameshika simu na ni nani anayepewa muhtasari.

Tangu hapo rauta haikuzimwa tena. Bando likawa linakwisha mapema kuliko zamani, na safari hii Mamlaka hana wa kumripoti, maana kila mtu anamjua mhusika na hakuna anayethubutu.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ikapita siku moja, ya pili, ya tatu. Mama mkwe alikaa na ile simu mapajani akishikilia kipaza sauti, akiongea, akiachia, ujumbe ukigoma kuondoka. Alituuliza nani amezima. Watoto walikuwa na jibu la nyaya za bahari na hawakuwa na jibu la hili. Muscat kulikuwa na binti anayesikia habari za nyumbani kutoka kwa watu wengine na hana sauti ya mama yake. Intaneti ilipoanza kurudi Novemba, jumbe ziliingia kwa mkupuo, kila moja ikianza na "Mama, mko wazima?" Alizijibu moja moja, hata yale maswali ya kujirudia, na hatukumfungia mlango wala kumtajia bando.

Mvua zilipokolea akataka kurudi Sengerema kupanda. Usiku wa kuamkia safari Mama Mipango akatangaza kwamba rauta inaondoka na mama. Nilikuwa na hoja zangu, tena nzuri. Injinia ana mitihani. Mimi nina kazi za kutuma. Kule Sengerema mnara uko karibu, hata simu yenyewe itashika. Akanisikiliza vizuri mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Katika sisi, nani hawezi kupanda jiwe?"

Kishikwambi akaibeba hadi Sengerema, kitambaa na maua yake, akaifunga kwenye kabati la vyombo la mama. Alitupigia kutuambia taa zote ni kijani.

Wiki kadhaa baadaye nikiwa kazini simu yangu ikatoa mlio. Namba ya mama mkwe, ujumbe wa sauti, umetumwa kwangu, si kwa binti yake. Katika miaka yote ya ukwe wetu yule mama alikuwa hajawahi kuniambia sentensi nzima mwenyewe. Nikatoka nje, nikauweka sikioni.

"Baba, mwangaluka. Mahindi yameota vizuri. Mtoto wa Muscat aliniuliza jambo juzi, sijamjibu, bando limeisha. Hapa nimeomba la jirani. Wabeja sana, baba."

Nikamjiungia la mwezi.